Mtoto Asiyeweza Kusema Jino Linamuuma

Katika mazungumzo yetu ya juma hili twende magharibi ya nchi yetu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, huko Kasulu na Kibondo. Kibondo wengi wetu tunaijua kwa asali yake. Kasulu inafahamika pia kwa shule ya Kabanga, ambayo imelea pamoja watoto wasioona, wasiosikia na wenye ualbino. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walipelekwa hapo ili wapate usalama.

Tunapozungumza juu ya watoto wenye ulemavu, tunataja macho, masikio na miguu. Leo tutazame kinywa.

Mtoto asiye na ulemavu akiumwa jino hulia, hushika shavu na kusema, "Mama, hapa." Je, yule asiyeweza kusema? Yeye hukataa chakula. Hujipiga kichwani, hujiuma mkono, hukesha usiku, humwaga uji. Watu wa nyumbani husema, "Leo amezidiwa na ugonjwa wake." Kumbe si ugonjwa wake, ni jino. Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: mtoto wa namna hiyo akibadilika tabia ghafla, mfungue kinywa umtazame kabla hujalaumu ulemavu.

Kwa nini watoto hawa huumwa meno kwa urahisi? Mwenye mtindio wa ubongo hutafuna kwa shida, na chakula hukaa shavuni saa nyingi. Wengine hulishwa uji laini wenye sukari mara nyingi kwa siku. Wenye ugonjwa wa Down hupatwa zaidi na maradhi ya fizi, na wengi wao huzaliwa na kasoro za moyo. Basi mzazi amweleze tabibu habari ya moyo kabla jino halijang'olewa. Wenye kifafa wanaotumia dawa iitwayo fenitoini huweza kuvimba fizi hadi zikafunika meno. Dawa hiyo usiiache bila ruhusa ya daktari, maana kifafa kitarudi kwa nguvu. Zidisha kupiga mswaki, kwani fizi safi huvimba kidogo. Na ile desturi ya kumpaka mtoto asali au sukari mdomoni ili anyamaze, tuiache. Asali ni chakula kizuri, lakini kwenye jino ni sukari kama sukari nyingine.

Wako pia wanaodhani kwamba mtoto mchanga mwenye homa, kuharisha au degedege ana "meno ya plastiki," wakampeleka kung'olewa kwa chombo kisicho safi. Wasikilizaji, meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni jino changa ambalo bado halijatoka. Mtoto huvuja damu, huweza kupata uambukizo mbaya, na hata jino lake la ukubwani huharibika. Homa na degedege ni mambo ya hospitali.

Sasa tuje kwenye utunzaji. Wazazi wengi huacha kumpiga mswaki mtoto wa namna hii kwa kuwa analia na kukaza mdomo. Lakini wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Huhitaji nguvu, unahitaji mkao mzuri. Keti sakafuni au kitandani, mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako, ili uone ndani. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, simama nyuma yake uegemeze kichwa chake kifuani pako. Usiingize kidole katikati ya meno yake, maana anaweza kuuma bila kukusudia. Tumia kitambaa safi kilichokunjwa na kukazwa. Dawa ya meno yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kwa aliyezidi hapo. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na ile ya usiku usiiache kamwe. Mwenye usonji huogopa mambo ya ghafla. Basi iwe saa ileile, mahali palepale, kwa mpangilio uleule.

Na jino likiwa limekwisha kutoboka? Mara nyingi mtoto huletwa usaha ukiwa umejaa, watu wazima watatu wanamkamata, jino linang'olewa. Siku ya pili akiona koti jeupe anapiga mayowe, na harudi tena.

Hapa tuna habari ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, akifanya kazi Dar es Salaam, alianza kuziba meno bila mashine. Jino bovu hukwanguliwa kwa vijiko vidogo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayokauka yenyewe. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna sindano. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliutangaza utaratibu huo ulimwenguni, na mwaka 2021 liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Fikirini maana yake kwa Kasulu na Kibondo, ambako kwa miaka mingi umeme ulitokana na majenereta, hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022. Mtoto anayeogopa kelele huweza kutibiwa akiwa mapajani kwa mama yake, hata darasani kwake. Mwenye ualbino afunikwe macho tu, taa isimwumize. Ila jino lililokwisha kutunga usaha halizibwi hivyo. Na uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, pamoja na homa, mtoto afike hospitali siku hiyohiyo.

Basi nini kifanyike? Matabibu wa meno wa wilaya wazitembelee shule zenye watoto hawa kwa ratiba inayojulikana, wasingoje usaha. Walezi wa mabweni wafundishwe ule mkao tuliousema. Nawe msikilizaji wa Dar es Salaam au Mwanza, usidhani haya ni ya Kigoma peke yake. Huenda yuko mtoto nyumba ya tatu kutoka kwako ambaye hatolewi nje. Waulize wazazi wake, kwa upole, ni lini kinywa chake kilitazamwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jino huzibwa kwa dakika chache, kwa zana zinazoenea ndani ya mfuko wa shule.