Mtandao u juu ya mkarafuu

Ami yangu alinikuta katikati ya konde la mihogo, simu nimeinyoosha juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua. Alinitazama kidogo, akatua gunia lake la makonyo. "Baba, wautafuta mtandao chini huko? Mtandao u juu." Akanionyesha kwa kidevu mkarafuu uliosimama ukingoni mwa kilima. Wachumaji wa karafuu wa hapa Mtambwe, Pemba, akaniambia, mtu akiwa na simu ya lazima huipiga akiwa kileleni, mguu kaubana kwenye tawi, pakacha linaning'inia pembeni.

Siku ile nilicheka.

Nilihamia hapa Januari nikitokea Dar es Salaam, kazi nimekuja nayo. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiswahili, nayaandika, nayatafsiri, nayapeleka kwa ofisi ya Ulaya ambayo sijawahi kuikanyaga. Kazi yenyewe haidai makubwa: mafaili ya sauti, kikao cha video mara mbili kwa wiki, na ahadi kwamba ikifika saa tisa alasiri nitakuwa hewani. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Ukisimama ufukweni Mtambwe magharibi ikiingia, unaiona Wete ng'ambo ya hori, na taa zake na minara yake, karibu hata unadhani ukiita utaitikiwa. Lakini Pemba si Unguja. Unguja imelala, Pemba imekunjamana, kilima na bonde, mpunga chini, mikarafuu juu. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka, kilima kikiingia kati yanadhoofika, na majani mabichi huyanyonya, hasa yakilowa. Nyumba ya shangazi yangu iko bondeni. Kijana aliyeniuzia ruta (kampuni yake siitaji) aliniapia kwamba 4G imejaa Pemba nzima. Kweli imejaa, ila kwa juu juu, kitanda changu kiko chini.

Basi nikaanza kupima. Ndani ya mipangilio ya simu nyingi kuna namba ya nguvu ya mawimbi, inaandikwa dBm, nayo huwa hasi. Hasi 80 ni neema, hasi 115 ni dhiki. Vile vijistari vya pembeni ya kioo usivitegemee, kila mtengenezaji huvichora apendavyo. Namba ndiyo ya kushika, na kila ikipanda kwa tatu, nguvu imekuwa maradufu. Chumbani nilipata hasi 118. Barazani 114. Chini ya mwembe 110. Nikapanda kilima cha nyuma hadi kwenye kibanda cha wachumaji, cha udongo na makuti, ambamo msimu ukiisha hulala mbuzi: 91. Nikakizunguka. Upande wa kaskazini, unaotazama Wete, 86. Nilikaa juu ya kinu kibovu nikapiga hesabu mara mbili, maana sikuamini. Kutoka kitandani hadi pale, nguvu imeongezeka zaidi ya mara 1,500, na bado sijabadilisha kampuni, bando wala ruta.

Nikakikodi kibanda. Kodi yake kilo mbili za sukari, na mbuzi niwafukuze mwenyewe.

Ruta nimeitundika kwenye ncha ya mwanzi, nimeifunika beseni la plastiki kwa ajili ya masika. Wapo walioniuliza kwa nini nisipandishe antena peke yake, ruta ikabaki ndani. Waya mrefu wa antena hula mawimbi yale yale uliyoyapandia mlima; afadhali waya mrefu uwe wa umeme. Siku ya tatu shangazi alipanda kuja kuona ofisi. Akatazama juu, akanyamaza. "Mwanangu, lile si beseni langu la kufulia?" Nikamwambia ndilo. "Na mie nikafulie wapi, mtandaoni?"

Umeme nao. Hadi 2010 Pemba iliishi kwa majenereta ya Wesha; mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika, kwa msaada wa Norway. Tangu hapo hali ni nyingine kabisa, lakini tawi la mwembe likiangukia nguzo, mnakaa kiza hata kama mita yako ya Tukuza ina uniti tele. Kibandani waya wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, haufiki, na imekuwa heri. Ruta nyingi hula volti 12, sawasawa na betri ya pikipiki, kwa hiyo yangu nimeifunga moja kwa moja kwenye betri, inveta ya nini? Betri ndogo ya ampea-saa 7 inaibeba saa sita hivi, na paneli moja ya sola inaijaza mchana. Mnara wenyewe pia una betri, nazo huisha. Hapo ndipo taa za ruta zinapowaka zote na hakuna kinachopita.

Nimejifunza na saa. Baada ya Isha kila mtu yuko kwenye simu, mnara ni mmoja, na mgawo unakuwa mwembamba. Mafaili mazito nayapakua baada ya swala ya alfajiri, kijiji kikiwa bado kinajinyoosha.

Binamu yangu wa Kanada, ambako theluji hufika dirishani, hakuelewa kwa nini nateseka. Yeye ana Starlink, intaneti ya setilaiti, na sahani yake ina kipasha joto cha kuyeyushia theluji. Setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi tu kwenda juu. Zile za zamani ziko karibu 36,000, ukiuliza swali jibu linachelewa nusu sekunde nzima. Msumbiji na Kenya zilipata Starlink 2023. Kenya ilipotimiza mwaka nayo, Julai 2024, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilikuwa bado haijaipa leseni hapa. Kuiingiza kwa magendo sikutaka. Sahani nyeupe juu ya kilima itaonekana mpaka Wete.

Ninazo laini mbili za kampuni mbili, moja ikizingua nahamia nyingine. Ila Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kwa pamoja, walio na laini tatu walikaa sawa na mwenye moja. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, hakuna mwanzi ambao ungefika.

Juzi ami amepita tena. Karafuu zikiiva watu wanane watalala mle kibandani, na tayari wameshauliza kama ruta itabaki. Kwa hiyo nimeanza kupima upya. Chini ya ule mkarafuu alionionyesha kwa kidevu nimepata hasi 89. Sijapanda bado.