Kuuza opsheni: kabla hujaweka pesa, jua unachouza

Maswali mengi tunayopata kutoka Thika na Ruiru ni yale ya kawaida: kutoa pesa, kulipa karo, kurudisha pesa zilizoenda kwa nambari isiyo yake. Siku hizi kuna swali jipya. "Nimeona video ya jamaa anauza premiamu za opsheni za Marekani, analipwa kila wiki. Naweza kuweka pesa huko kwa simu?"

Kuweka ni rahisi. Kuna madalali wa mtandaoni wanaopokea pesa za simu. Lakini tukae kidogo kwanza, kwa sababu hiyo premiamu si mshahara.

Tuanze na kitu cha hapa kwetu. Tuseme una ploti Ruiru, bei yake leo ni milioni 2. Mtu anakuja na elfu 40 anakuambia: nishikilie bei hii kwa miezi 3. Nikipata pesa nanunua, nisipopata, elfu 40 ni zako. Hiyo ndiyo opsheni, na elfu 40 ndiyo premiamu. Miezi 3 ikipita kimya, umekula bila jasho. Lakini ikisikika kwamba lami inapita hapo mbele na bei iruke hadi milioni 3, mwenzako atakuja mbio, na wewe utamuuzia kwa milioni 2 kama mlivyokubaliana. Walioona bei za mashamba kando ya Thika Road kabla na baada ya barabara kuu mpya kufunguliwa 2012 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo angalau ploti ilikuwa yako. Sasa fikiria umeuza ahadi hiyo na ploti huna. Itabidi ununue kwa milioni 3 ndio umuuzie kwa milioni 2. Ulipokea elfu 40, umepoteza 960,000. Kwenye soko la opsheni, dalali anaweza kukuruhusu kufanya hivyo hivyo, mradi umeweka dhamana.

Kuna na ahadi ya upande wa pili, ya kununua. Ni kama kumwambia mkulima wa avokado kule Gatanga kwamba hata bei ikianguka, wewe utanunua kwa bei ya leo. Anakulipa kidogo ili alale vizuri. Yaani umegeuka kampuni ya bima, ila huna mtaji wa kampuni ya bima.

Hao jamaa wa video wanapenda sana siku za matokeo. Kampuni za Marekani hutoa hesabu zao kila robo mwaka, na kabla ya siku hiyo kila mtu ana wasiwasi, kwa hivyo premiamu hufura. Matokeo yakitoka, wasiwasi unaisha na premiamu inasinyaa usiku mmoja. Aliyeuza ghali jana ananunua rahisi leo na kubaki na tofauti. Si uongo, mara nyingi huwa hivyo kweli. Shida ni ile mara ambayo haikuwa hivyo.

Chukua hisa ya dola 100. Unaahidi kuinunua kwa dola 90 ikianguka, unalipwa dola 2 kwa kila hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hivyo umepokea dola 200. Tukihesabu dola kwa shilingi 130, hiyo ni 26,000. Asubuhi hisa iko 65. Umebanwa kununua kwa 90 kitu cha 65: hasara ya dola 2,500, ukitoa zile 200 inabaki 2,300. Ni shilingi 299,000. Mauzo kama hayo 11 yaliyokwenda vizuri hayatoshi kuziba shimo la moja.

Na kuanguka hivyo si hadithi. Netflix ilishuka takriban asilimia 35 kwa siku moja, tarehe 20 Aprili 2022, baada ya matokeo yake. Meta, wenye Facebook, walishuka kama asilimia 26 tarehe 3 Februari mwaka huo huo.

Usitegemee kutoka haraka, pia. Matokeo mengi hutolewa soko likiwa limefungwa, wakati Ruiru ni usiku wa manane. Opsheni za hisa hazifanyi kazi saa hizo. Soko linafunguliwa tena saa kumi na nusu au kumi na moja na nusu jioni yetu, kulingana na msimu wao, na bei tayari iko chini. Ile amri ya "niuzie ikifika hapa" itafanya kazi kwa bei itakayopatikana, hata kama si uliyotaka.

Kuna wengine wanaokwepa kampuni mojamoja na kwenda kwa mifuko inayouzwa kama hisa, hasa ile inayoyumba sana, kwa mfano TQQQ na SOXL, ambayo hulenga mara 3 ya mwendo wa siku wa faharasa zake. Premiamu huko ni nono. Ni nono kwa sababu mfuko unaruka, hakuna anayekuzawadia. Tarehe 5 Februari 2018 hati iliyoitwa XIV, iliyojengwa juu ya kubashiri kwamba soko litatulia, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake na ikafungwa. Novemba mwaka huo, wateja wa kampuni ya Florida iliyokuwa ikiwauzia opsheni za gesi asilia walipoteza akiba yao yote, na wengine wakajikuta wanadaiwa juu yake.

Hilo la kudaiwa ndilo tunataka ulishike. Ukinunua opsheni, unapoteza ulicholipa, basi. Ukiuza, unaweza kudaiwa zaidi ya ulichoweka.

Ukiamua kujaribu, weka ukuta. Kwenye mfano wetu, ukiuza ahadi ya 90 kwa dola 2 na papo hapo ununue ya 85 kwa dola 1, unabaki na dola 100 tu, lakini hasara haipiti dola 400. Au weka dola 9,000 zote za kununua hizo hisa, kama kweli unazitaka. Hiyo ni shilingi 1,170,000, na hapo wengi hunyamaza.

Kwa upande wetu: usiweke dhamana kwa mkopo wa simu au kwa pesa za chama. Yeyote anayekwambia utume kwa nambari yake binafsi akufanyie biashara, usitume. Tafuta jina la dalali kwenye orodha ya leseni katika tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Na huduma yetu ya kurudisha muamala ni ya pesa zilizokosea njia. Pesa uliyoweka mwenyewe kwa dalali ikaliwa na soko, ukitupigia hatutakuwa na kitufe cha kuirudisha.