Mahali ambapo swali haliwezi kutoka

Mtu akikuambia "Asha alinunua mkate na asali", nawe neno la mwisho likakupita, utamuuliza, "Asha alinunua mkate na nini?" Atakujibu papo hapo. Sasa lipeleke neno la kuulizia mwanzoni: "Ni nini ambacho Asha alinunua mkate na?" Anayekijua Kiswahili ataikataa sentensi hii, ingawa anaelewa vizuri unachotaka kujua. Maneno yote ni ya Kiswahili na maana inafahamika, lakini sentensi haisimami. Wanaisimu wamekuwa wakitafuta sababu yake kwa zaidi ya nusu karne.

Cha kwanza kulaumiwa ni umbali, lakini umbali una ushahidi wa kujitetea. Tazama sentensi hii: "Ni kitabu gani ambacho Juma anadhani Asha alisema mwalimu amenunua?" Kitabu kimetajwa mwanzoni, kitenzi kinachokihusu kimekaa mwisho kabisa, na katikati yake wamepita Juma na Asha. Hata hivyo tunaielewa bila kujikwaa. Uhusiano wa namna hii huitwa utegemezi wa masafa marefu, na nafasi iliyobaki wazi baada ya kitenzi huitwa pengo.

Aliyelipa suala hili sura yake ya kudumu ni John Robert Ross, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1967 katika chuo cha MIT, Marekani. Mwalimu wake, Noam Chomsky, alikuwa amependekeza kanuni moja pana ya kuzuia neno lisihamishwe. Ross alionyesha kwamba kanuni hiyo inakataza sentensi nyingi zilizo nzuri, kisha akabainisha miundo mahususi isiyoruhusu kitu kutoka ndani yake. Miongoni mwake ni maneno yaliyounganishwa kwa "na", nomino yenye kishazi rejeshi, na kishazi kizima kinachofanya kazi ya kiima. Aliviita visiwa. Mwaka 1973 Chomsky alijaribu kuvieleza kadhaa kati yavyo kwa sharti moja: neno husafiri kwa hatua fupi, kishazi baada ya kishazi, wala haliwezi kuvuka mipaka miwili kwa mruko mmoja. Dalili za hatua hizo zinaonekana katika Kiairishi, ambako kiunganishi kinachofungua kishazi hubadilika umbo katika kila kishazi ambacho neno limepitia.

Wengine hawakuridhika. Huenda, walisema, sarufi haina katazo lolote, ila akili inaelemewa. Msikilizaji hulazimika kulishika neno la mwanzo katika kumbukumbu huku akichambua muundo mzito, na mizigo hiyo miwili ikikutana nguvu zinamwishia. Robert Kluender na Marta Kutas walilitetea wazo hili mwaka 1993. Mwaka 2010 Philip Hofmeister na Ivan Sag walionyesha kwamba kiulizi chenye maelezo zaidi, kama "mfanyakazi yupi" badala ya "nani", hufanya baadhi ya sentensi za kisiwa zikubalike zaidi. Kama kisiwa ni katazo la sarufi, nafuu hiyo inatoka wapi?

Hapo ndipo majaribio yanapohitajika. Jon Sprouse, Matt Wagers na Colin Phillips walichapisha mwaka 2012 utafiti uliotenganisha mizigo hiyo. Kwa kila kisiwa walitumia aina nne za sentensi: pengo la karibu bila kisiwa, pengo la mbali bila kisiwa, pengo la karibu penye kisiwa, na pengo la mbali lililo ndani ya kisiwa. Tuseme umbali pekee unapunguza alama moja, na muundo pekee unapunguza alama moja. Mizigo hiyo ikijumlishwa tu, sentensi ya nne itapoteza alama mbili. Ikipoteza nne, kuna hasara ya ziada ambayo lazima ielezwe, na hasara hiyo ndiyo kisiwa.

Kisha waliwapima washiriki uwezo wa kumbukumbu. Kama tatizo ni kuelemewa, wenye kumbukumbu kubwa wangepaswa kuviona visiwa kwa udhaifu zaidi. Wazungumzaji wa Kiingereza zaidi ya 300 walipimwa, na uhusiano huo haukuonekana. Hofmeister na wenzake walijibu kwamba vipimo vile vya kumbukumbu huenda havigusi uwezo unaotumika kuchakata sentensi. Hoja yao ina uzito, lakini jukumu la kutoa ushahidi limewaangukia.

Lugha nyingine zimelitanua suala hili. Waswidi na Wanorwei hutoa maneno ndani ya vishazi rejeshi katika mazungumzo ya kila siku. Katika Kifaransa, Anne Abeillé na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba kutoa neno ndani ya kiima kunakubalika katika kishazi rejeshi, lakini si katika swali. Kizuizi, basi, hakitegemei umbo pekee, bali pia kazi ambayo sentensi inafanya.

Kiswahili kina la kusema hapa. Kwanza, kiulizi chetu hukaa mahali pake bila shida, hivyo katika "mkate na nini?" hakihitaji kutoka kisiwani. Pili, tuna viambishi vinavyolijaza pengo. "Hiki ndicho kitabu ambacho namjua mtu aliyekiandika" inapita sikioni mwangu. Ondoa -ki- ya mtendwa iliyo katika "aliyekiandika", useme "aliyeandika", na sentensi inadhoofika. Vivyo hivyo, "ambacho Asha alinunua mkate pamoja nacho" inapata nafuu ambayo "mkate na?" haina.

Sikio la mtu mmoja, hata likiwa la mwanaisimu, si ushahidi wa kutosha. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu ana kazi hapa: aandae sentensi za aina nne, achanganye nyingine za kawaida, awape wazungumzaji wa Unguja, Mombasa, Dodoma na Lubumbashi wazipe alama, mara moja pakiwa na kiambishi cha mtendwa na mara nyingine bila hicho. Vifaa ni karatasi na uvumilivu. Nadharia inayodai kueleza lugha ya binadamu haiwezi kuhukumiwa kwa Kiingereza na majirani zake wa Ulaya peke yao.