Joto na Uvimbe (Sehemu ya Nne): Hesabu Kwanza, Moto Baadaye

Nimefurahishwa na habari za watafiti wanaopima kwa kompyuta jinsi ya kuunguza uvimbe wa moyo kwa kutumia chembe za nano. Chembe zenyewe tulikwisha kuzieleza katika sehemu zilizotangulia, sitarudia. Leo msomaji wa Bumula, hapa Bungoma, ajue kuwa ukanda wetu una historia yake katika somo hili la joto na uvimbe.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, mwenye jicho moja tu. La pili alilipoteza utotoni. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Wengine wangeridhika na kupasua. Yeye alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, akauliza nani ameuona, kisha akayatia majibu kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri takriban maili 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakihoji hospitali baada ya hospitali. Ramani ikatoa siri yake: huku karibu na ikweta, uvimbe huo ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi, penye baridi isiyofaa mbu wa malaria. Bungoma mjini ni chini ya kimo hicho. Kitale, penye mita 1,900 hivi, ni juu yake. Kirusi kinachoshirikiana na malaria kuuleta uvimbe huo kiligunduliwa mwaka 1964. Kalamu, ramani na subira ndizo zilizotangulia maabara!

Upande wa hesabu, Mmarekani Harry Pennes mwaka 1948 alipima joto ndani ya mikono ya watu, akaandika mlinganyo unaoonyesha jinsi damu inavyosafirisha joto mwilini. Mlinganyo huo bado umo ndani ya programu za leo. Moyoni kazi ya kuunguza uvimbe ni ngumu zaidi, kwani lita 5 hivi za damu hupita kila dakika zikiupoza uvimbe. Uvimbe unatakiwa ufike nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, huku msuli wa jirani unaoendesha mapigo ukisalimika. Kompyuta hujaribu vipimo vingi kabla mgonjwa hajaguswa. Lakini hiyo ni hesabu, haijawa tiba: miksoma, mmojawapo wa uvimbe wa kawaida zaidi unaoanzia moyoni kwa watu wazima, bado huondolewa kwa upasuaji.

Vijana wetu wanaipenda kompyuta na kuikimbia hisabati, nasi wazazi tunawachekea. Hilo ni kosa letu. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko mlangoni petu. Naziomba kamati za basari za Bumula ziwatengee fungu lao wanaosomea hisabati na fizikia, wasichana kwa wavulana, kuanzia muhula ujao.