Safari ya Jamaa Kwenda Mjini: Mwendo Uwe wa Mzee na wa Mtoto

Wasomaji wetu, kila zifikapo likizo za shule, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, jamaa nyingi za milima ya Usambara hufunga safari kwenda mjini. Wengine huwaendea ndugu zao walio kazini, wengine huenda arusini, na wengine hutaka tu watoto waione bahari. Jambo hili ni jema. Lakini twaona kwamba mara nyingi safari hupangwa na vijana wenye nguvu kwa kuyapima mambo kwa nguvu zao wenyewe, kisha bibi hurudi mgonjwa, mtoto hurudi na homa, na mwaka wa pili watu husema, "Bibi abaki nyumbani, hawezi safari." Sisi twasema kwamba bibi aweza, ila safari ndiyo haikupimwa kwa mwendo wake. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jinsi ya kuipanga, tukitwaa mfano wa safari ya kutoka Lushoto kwenda Tanga.

WAKATI WA KWENDA

Kwanza yafaa kuchagua majira. Miezi ya masika, yaani Machi mpaka Mei, si mizuri, kwa kuwa mvua hulegeza udongo wa milima, na pengine njia ya Mombo huzibwa na mawe na matope. Mwezi wa Desemba joto la pwani ni kali, na mzee aliyezoea baridi ya Lushoto hulemewa upesi. Mwezi wa Juni na wa Julai ndio bora, maana wakati huo hata pwani hewa hupoa kidogo, na watoto wapo likizoni.

Pili, kabla ya kuhesabu fedha, wazee waulizwe wanataka kuona nini. Watu wengi humchukua mzee kama mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa, hali yeye ndiye ajuaye habari nyingi za njia. Pengine mzee hataki kuzunguka madukani, bali ataka kumwamkia nduguye aliye mgonjwa, au kuliona shamba la mkonge alilofanya kazi ujanani. Haja yake iwekwe katika siku ya kwanza ya matembezi, asije akachoka kabla ya kuipata.

NJIANI

Mji wa Lushoto upo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Kutoka hapo mpaka Mombo, kupitia Soni, ni kilomita 33 hivi tu, lakini katika mwendo huo mfupi gari hushuka karibu mita 1,000, tena kwa kona nyingi. Hapo ndipo watoto hutapika na wazee hushikwa na kizunguzungu. Sababu yake ni hii: sehemu ya ndani ya sikio huhisi kila mgeuko wa gari, lakini macho yakitazama ndani ya gari huona kwamba vitu vyote vimetulia. Habari hizi mbili zikipingana, mwili hutaabika. Basi mtoto na mzee wakae mbele, watazame mbali nje ya dirisha, wala wasisome kitu. Kabla ya kuondoka wale chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Maana tumbo tupu lina dhara lake, na tumbo lililojaa pia.

Wafikapo Mombo, tunashauri wapumzike. Kutoka hapo njia ni ya tambarare: Korogwe, kisha Segera, kisha Muheza, hata Tanga. Safari nzima yapita kilomita 150, na ukihesabu vituo ni mwendo wa nusu siku. Mtu mzima aliyekaa kwa saa nyingi huvimba miguu. Kwa hiyo kila kituo ashuke, anyoshe viungo na kwenda haja. Wazee wengi hujizuia kunywa maji njiani kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Hili ni jambo la hatari, nasi twawaomba vijana wamwombee dereva kwa heshima, ili mzee asione haya.

Dawa za mzee, kama za shinikizo la damu au za kisukari, zichukuliwe za kutosha siku zote na akiba ya siku kadhaa, nazo zikae katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo uliofungiwa nyuma ya gari. Vivyo hivyo kadi ya matibabu, na maji ya kunywa.

Tena njia hii yenyewe ni darasa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ilifika Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta mimea ya kwanza ya mkonge katika nchi hii. Mambo hayo mawili yaliibadili nchi yote ya bondeni, na watu wengi waliacha vijiji vyao wakaenda kufanya kazi za mashamba. Yapitapo mashamba ya mkonge dirishani, babu awasimulie wajukuu aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wazazi wake. Mtoto husahau jina la duka, lakini hasahau maneno ya babu yake.

MJINI

Siku ya kufika isiwe na kazi nyingine ila kuoga, kula na kulala. Siku zifuatazo, jambo moja asubuhi na jambo moja alasiri latosha. Tangu saa sita mchana mpaka saa tisa watu wakae kivulini au walale. Mwili wa mzee hauhisi kiu upesi kama wa kijana. Kwa hiyo asingojewe aombe maji, bali apewe mara kwa mara. Akianza kuumwa kichwa au kuona kizunguzungu, apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, apanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kunyweshwa kidogo kidogo. Maneno yake yakianza kupotea, apelekwe hospitali mara moja. Tanga kuna hospitali ya mkoa ya Bombo, na yafaa kuijua njia yake kabla ya haja kutokea.

Vya kutazama si haba. Katika boma la kale la Wajerumani kuna makumbusho ya Urithi, ambamo mzee aweza kwenda polepole na kuona habari za mji. Hapo watoto waelezwe vita vya Novemba 1914, wakati majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka Bara Hindi yaliposhuka pwani ya Tanga yakashindwa, na nyuki nao wakawauma askari.

Kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji yapo mapango ya Amboni, ya mawe ya chokaa. Ndani ni giza, pengine huteleza, na mahali pengine hapana budi kuinama. Si lazima watu wote waingie. Vijana na watoto wakubwa waingie pamoja na kiongozi wa mahali hapo, na wazee wangoje nje kivulini pamoja na watoto wachanga na mtu mzima mmoja. Kugawana hivi si kuvunja umoja wa safari. Watakutana baada ya muda, na kila mmoja atakuwa na la kusimulia.

Bahari yataka maelezo, kwa kuwa mtoto wa milimani ajua mto tu. Mto huenda upande mmoja, lakini maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku. Toka kujaa hata kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo hukawia kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana kupita siku nyingine. Mahali palipokuwa mchanga mkavu asubuhi paweza kuwa na kina cha kumzamisha mtoto kabla ya adhuhuri. Basi kabla ya kuoga waulizwe wavuvi wa mahali hapo, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwatazama watoto tu, wala asishike jambo lingine.

MALAZI NA HOMA

Mkifikia kwa ndugu, msiende mikono mitupu. Viazi, kabichi, na matunda ya Lushoto hupendwa sana pwani. Tena kumbukeni methali, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wapelekeeni habari mapema mjue idadi ya vitanda, na kama kuna choo cha karibu kwa mzee asiyeweza ngazi usiku. Mkikaa nyumba ya wageni, ombeni chumba cha chini.

Lililo kubwa kuliko yote ni chandarua. Katika baridi ya milimani mbu wa malaria huwa wachache, na vijidudu vya ugonjwa huo hukua polepole ndani ya mbu. Kwa hiyo mtu wa juu huumwa na mbu hao mara chache, na mwili wake haujazoea kushindana na malaria kama mwili wa mtu wa pwani. Ashukapo, yumo hatarini zaidi kuliko wenyeji wake, na hasa mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito. Mbu hawa huuma usiku. Basi kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Ikiwa wenyeji hawana vya kutosha, chukueni vyenu kutoka nyumbani.

Tena angalieni, homa haiji siku ile ile. Kwa kawaida huonekana baada ya siku 7 au zaidi, na mara nyingi jamaa wamekwisha kurudi Lushoto. Ndipo watu husema ni mafua ya baridi, na mtoto hupotezewa siku za matibabu. Mtu akishikwa na homa katika mwezi wa kwanza baada ya kurudi, aende zahanati siku hiyo hiyo, na aseme waziwazi, "Tulikuwa pwani." Atapimwa kwa tone la damu, na jibu hupatikana kwa muda mfupi.

Basi, walimu na wazee wa vijiji, twawaomba mwasomee habari hizi wasiojua kusoma, hasa likizo zinapokaribia. Kuona mambo machache kwa utulivu kwafaa kuliko kuona mengi kwa mbio. Jamaa waliokwenda wote na kurudi wote salama, na bibi akaulizia safari ya mwaka ujao, hao wamesafiri vema.