Betri Ikivimba, Tafuta Kilichoivimbisha

Mrushaji wa ndege za rimoti akiona betri yake ya lithiamu imevimba, swali la kwanza huwa moja: bado inafaa kuruka? Ni swali la haki, kwa sababu betri hizi ni ghali na nyingi huagizwa kutoka nje. Lakini jibu lake ni fupi, na halimfikishi mbali. Swali lenye faida ni lile ambalo wengi hawafiki kuliuliza: imevimba kwa nini? Betri haivimbi bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo kwenye chaja, kwenye ndege yenyewe, au mahali betri inapohifadhiwa. Anayeitupa bila kutafuta chanzo atanunua nyingine, ataichaji kwa chaja ileile, ataifunga kwenye ndege ileile, na muda si mrefu atakuwa na betri mbili zilizovimba.

Tuchukue betri ya kawaida kabisa katika mchezo huu: seli 3, volti 11.1, mAh 2200. Kila seli ni mfuko bapa wa karatasi ya alumini iliyofunikwa plastiki. Ndani yake mna karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, na karatasi ya alumini iliyopakwa oksidi ya lithiamu na metali nyingine, aghalabu kobalti. Kati yao kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia pande hizo mbili zisigusane, na vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Seli za duara, zile zinazofanana na betri za tochi, zina ganda la chuma na tundu la dharura la kutolea gesi. Seli ya mfuko haina ganda wala tundu. Gesi ikizalishwa ndani, mfuko unatanuka, na ndiyo maana tunaiona.

Gesi hiyo hutokana na elektroliti kuvunjika. Kidogo huzalishwa tangu kiwandani, betri inapochajiwa mara ya kwanza na grafiti kujijengea tabaka jembamba la kujilinda. Baada ya hapo seli inapaswa kutulia, mradi ibaki ndani ya mipaka yake: isipande juu ya volti 4.20, isishuke chini ya volti 3.0, na joto lake lisipite nyuzi 60 za Selsiasi. Kuvimba mara nyingi kunatuambia kwamba mpaka mmojawapo umevukwa, ama mara moja kwa kishindo, ama mara nyingi kidogo kidogo. Kazi ya mchunguzi ni kujua ni upi.

Anza kwa macho na vidole. Ilaze betri iliyopoa juu ya kioo au meza iliyonyooka, kisha bonyeza pembe moja kwa upole. Betri nzima hutulia. Iliyovimba hucheza huku na huku. Tazama ngozi ya plastiki inayozifunga seli: kama maandishi yake yamevutika na kingo zimekuwa za mviringo, gesi imeshajaa. Nusa pia. Harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina maana kwamba mfuko umepasuka na elektroliti inavuja. Hapo uchunguzi umekwisha: itoe nje mara moja, mbali na chochote kinachoungua.

Kama haijapasuka, angalia ni seli ipi iliyovimba. Zikivimba zote tatu kwa kiasi kinacholingana, mara nyingi chanzo kimezigusa zote kwa pamoja: mzigo mkubwa, joto, umri, au kuhifadhiwa vibaya. Ikiwa ni ya katikati peke yake, shuku joto, kwa sababu imebanwa na wenzake pande zote na haina pa kupoea. Ikiwa ni ya pembeni, tafuta alama ya kugongwa. Ndege iliyoangukia pua husukuma betri mbele kwa nguvu, na mbonyeo mdogo kwenye mfuko unatosha kuujeruhi utando ulio ndani.

Kisha chukua mita, uipime kila seli kupitia plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha. Jumla ya volti peke yake inadanganya. Betri ya seli 3 iliyojaa husoma volti 12.6, na fundi akiona namba hiyo huridhika. Lakini 12.6 inaweza kuwa 4.20 mara tatu, na inaweza pia kuwa 4.10, 4.10 na 4.40. Katika hali ya pili seli moja imejazwa kupita kiasi kila inapochajiwa, ilhali chaja inaonyesha kwamba mambo ni sawa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa anayechaji kupitia waya mkubwa tu bila kuchomeka waya wa kusawazisha, au anayetumia chaja ambayo vipimo vyake vimepotoka. Linganisha kinachosomwa na chaja na kinachosomwa na mita. Tofauti ya volti 0.05 kwa seli si ya kupuuza. Kagua pia kama chaja haikuachwa kwenye mpangilio wa betri zinazojazwa hadi volti 4.35. Betri ya kawaida ikichajiwa hivyo haidumu.

Upande wa chini nao una madhara yake. Betri iliyosahaulika ndani ya ndege ikiwa imechomekwa huendelea kunyonywa na vifaa vilivyomo hata mota ikiwa imesimama, na asubuhi hukutwa iko karibu na sufuri. Seli ikishuka mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyukia kwenye elektroliti; ikichajiwa tena, shaba hiyo huganda mahali isipopaswa na inaweza kuunganisha pande mbili zilizotenganishwa. Kwa hiyo betri iliyoshuka sana kisha “ikafufuliwa” kwa mbinu za kuidanganya chaja haijapona. Ni hatari kuliko ilivyokuwa ilipokuwa tupu.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni uhifadhi. Seli iliyojaa kabisa iko katika hali ya mkazo: volti za juu huendelea kuivunja elektroliti hata kama hakuna anayeigusa, na joto huharakisha kazi hiyo. Mrushaji huchaji betri zote Ijumaa usiku, Jumamosi mvua inanyesha, na betri zinabaki zimejaa mpaka wikiendi nyingine, pengine zaidi. Katika chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, madhara ya zoea hilo ni makubwa kuliko katika nchi ya baridi. Gari lililofungwa vioo juani ni baya zaidi, kwa kuwa ndani yake joto linaweza kufika nyuzi 60. Dawa yake haina gharama: chaja nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuhifadhi unaoiacha kila seli kwenye volti 3.80 hadi 3.85. Betri isiyotarajiwa kuruka ndani ya siku mbili tatu irudishwe hapo.

Baada ya chaja na kabati, ndege yenyewe ifikishwe mbele ya mita. Lebo ya betri huandika, kwa mfano, 25C, yaani ampea 55 kwa betri ya mAh 2200. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote kuhusu namba hiyo, na nyingi zimekuzwa. Ni busara kuihesabu nusu. Unganisha mita ya wati kati ya betri na kidhibiti mwendo, ishike ndege barabara, fungua mota mpaka mwisho kwa sekunde chache, usome ampea. Wengi hushangaa hapo, hasa waliobadilisha propela. Kwa kasi ileile ya mzunguko, kuongeza kipenyo kutoka inchi 9 hadi 10 huongeza mzigo kwa takriban nusu, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Mota itapunguza mzunguko kidogo, lakini betri bado itadaiwa zaidi ya ilivyozoea. Propela ya bei ndogo inaweza kuua betri ya bei kubwa.

Chaja nyingi hupima pia ukinzani wa ndani wa kila seli kwa miliomu, na kipimo hicho husema mengi. Seli yenye miliomu 6 ikitoa ampea 30 huzalisha joto la wati 5.4 ndani yake. Ukinzani ukifika miliomu 20, kwa ampea zilezile joto linakuwa wati 18, na seli inapoteza volti 0.6 papo hapo. Iliyokuwa na 3.7 inabaki na 3.1, karibu na sakafu. Joto hilo huzaa gesi, gesi huzitenga tabaka za ndani, ukinzani unapanda tena. Tangu hapo betri inajiharibu yenyewe kila inaporuka.

Ndiyo maana simuungi mkono anayesema kwamba betri iliyovimba kidogo ina msimu mmoja zaidi. Betri ambayo hulainika ikiwa ya moto baada ya kutua na kurudi bapa ikipoa ni onyo: punguza mzigo, tua mapema, usitumie zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake. Lakini iliyobaki imevimba baada ya kupoa istaafu. Katika ndege nyingi ndogo betri hiyohiyo inayozungusha mota ndiyo inayolisha kipokezi na servo za usukani. Ikianguka ghafla angani, mrushaji anaweza kupoteza nguvu na usukani kwa pamoja, na chombo cha kilo moja na nusu kinashuka mahali ambapo hakuna aliyekichagua, pengine penye watoto waliokuja kutazama.

Lipo kosa moja ambalo ningeomba lisifanywe na yeyote: kuutoboa mfuko ili gesi itoke. Wanaolitetea husema kwamba kiwandani nako hutobolewa. Ni kweli kwamba baada ya chaji ya kwanza gesi huondolewa kiwandani, lakini kazi hiyo hufanyika katika chumba kilichokaushwa hewa, na seli hufungwa upya bila kuacha hewa ndani. Mezani kwako unyevu unaingia, unakutana na chumvi ya elektroliti, na kuzaa asidi ya hidrofloriki, inayochoma ngozi na mapafu. Sindano yenyewe ikipita utando, seli iliyojaa inaweza kuwaka mkononi.

Betri iliyostaafishwa isichajiwe tena. Kama haijapasuka wala haina joto, ipeleke nje, iweke juu ya zege au mchanga, uiunganishe na balbu ya gari ya volti 12 na wati 5. Iliyojaa itachukua saa tano hivi kuisha. Iache mpaka mita isome karibu na sufuri, kisha funika ncha za waya kwa utepe. Maji ya chumvi, yanayopendekezwa sana, hayaaminiki: huila plagi kabla seli haijaisha, na nguvu ikabaki ndani bila njia ya kuipima. Baada ya hapo usiitupe jalalani. Mwokota chuma chakavu atakayeipasua kwa nyundo hajui historia yake. Itunze nje ya nyumba mpaka umpate mkusanyaji wa taka za kielektroniki anayekubali lithiamu.

Ikiwaka kabla ya hapo, ondoka kwenye moshi kwanza. Mchanga huzuia moto usisambae lakini hauizimi seli, kwa sababu kinachowaka hakitegemei hewa ya nje peke yake; maji mengi ndiyo yanayopoza na kuokoa seli za jirani. Na anayesafiri na betri azingatie kwamba iliyovimba hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, na za akiba husafiri kwenye mkoba wa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyoruka kutoka Dubai ilishika moto na kuanguka ikijaribu kurudi. Marubani wawili walifariki. Shehena yake ilikuwa na betri nyingi za lithiamu, na uchunguzi uliuhusisha moto huo nazo.

Kuna pia deni ambalo halionekani kwenye mita. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na wachimbaji wadogo wanaofanya kazi ngumu na ya hatari. Betri iliyotunzwa vizuri huweza kuruka mara mamia. Iliyopuuzwa hufa mapema. Kuiua kwa uzembe ni kudharau jasho la watu hao.

Kwa hiyo kila klabu na kila mrushaji ajiwekee utaratibu usiohitaji mtaalamu. Andika tarehe ya kununua juu ya betri. Pima ukinzani wa kila seli ikiwa mpya, kisha kila baada ya safari kadhaa, katika hali ileile ya joto na chaji, uandike daftarini. Betri ikivimba, daftari litaonyesha ni lini mambo yalianza kubadilika na nini kilibadilishwa wakati huo: propela, chaja, au msimu wa joto. Na betri mpya isifungwe kwenye ndege mpaka chanzo cha kuvimba kwa ile ya kwanza kimejulikana na kurekebishwa. Asiyekijua bado hajamaliza matengenezo, hata kama ndege yake iko tayari kuruka.