Maji Hupandaje Mtini? Neno "Kunyonya" na Mikaratusi ya Kegonga

Makala haya yalizaliwa na swali la mama. Nilikuwa nyumbani Kegonga likizoni, tukasimama kando ya kijito ambacho utotoni nilitumwa kuchota maji hata katikati ya kiangazi, na ambacho siku hizi, ifikapo Februari, hubaki tope na nyayo za ng'ombe. Juu yake, mtelemkoni, imesimama mikaratusi ya marehemu baba. Aliipanda ili apate kuni za kukaushia tumbaku, kama walivyofanya wakulima wengi wa Kuria. Tumbaku ilipoacha kulipa, miti ilibaki. "Mwanangu," mama akaniuliza, "wewe uliyesoma, hebu nieleze: ni hii miti inayonyonya maji yetu, au ni Mungu tu?" Kaka yangu anataka ikatwe yote. Mama anajua kwamba karo ya kitinda mimba wetu imo katika miti hiyo. Nami ni mwanafunzi wa fasihi. Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kuondoka na neno lake, kunyonya, ili nilichunguze.

Neno hilo tumelirithi kutoka darasani. Vitabu vya shule husema kwamba mizizi hunyonya maji, na msomaji hupata picha ya kiumbe mwenye kinywa ardhini. Picha hiyo ina kasoro. Pampu inayovuta maji kutoka juu haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, kwa kuwa kinachoyasukuma kutoka chini ni uzito wa hewa tu. Mkaratusi uliokomaa hupita mita 30 bila taabu. Katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro, Andreas Hemp na wenzake walipima mkukusu wenye kimo cha mita 81.5, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2016. Ni kinywa gani kitakachofikisha maji huko?

Ufafanuzi unaokubaliwa na wataalamu wengi ulitolewa na Henry Dixon na John Joly wa Dublin mwaka 1894. Walisema kwamba kazi huanzia jani, wala si mzizi. Jani lina vitundu vidogo mno, stomata, ambavyo hufunguka ili kuingiza hewa ya ukaa inayohitajika katika kutengeneza chakula. Vinapofunguka, jua na upepo hukausha unyevu uliomo ndani. Kila chembe ya maji inayotoka kuwa mvuke huivuta iliyo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikamana kwa nguvu kubwa. Mvuto huo hushuka kupitia shina hadi mzizini na udongoni. Msomaji afikirie kamba ya kisimani: avutaye yuko juu, na kamba haikatiki kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana. Hapa kamba ni maji yenyewe. Mabomba yanayoyapitisha, yaitwayo zailemu, ni seli zilizokwisha kufa. Mti hauna moyo wa kusukuma chochote. Nguvu ni ya jua. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayoingia mzizini hupita tu, yakarudi hewani.

Kamba iliyokazwa hivyo yaweza kukatika. Udongo ukikauka mno, mvuto huzidi, kiputo cha hewa hujitokeza ndani ya bomba, na bomba hilo huacha kazi. Mwaka 1966, J. A. Milburn na R. P. C. Johnson walieleza jinsi walivyonasa kwa vifaa vya sauti mialiko ya kukatika huko. Mmea waliouchunguza ni mbarika, ule ule unaojiotea ovyo nyuma ya nyua zetu. (Nakiri kwamba tangu nisome habari hizo siupiti mbarika wakati wa kiangazi bila kutega sikio, ingawa najua sikio tupu halitoshi.) Ili kuepuka maangamizi hayo mti hufunga stomata zake, na hapo hujinyima chakula. Basi kiangazini mti huchagua kati ya kiu na njaa.

Kiasi cha maji hayo hupimwaje? Sindano nyembamba hudungwa shinani, moja hutoa joto kidogo, na nyingine hupima jinsi joto hilo linavyosafirishwa na maji yanayopanda. Kazi hii huwaangukia mara nyingi vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamifu na ambao hawajapata ajira ya kudumu: hukaa msituni miezi, wakibadilisha betri na kufukuza siafu kwenye nyaya. Mwaka 1998 Stan Wullschleger na wenzake walikusanya tafiti 52 za matumizi ya maji ya miti kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Miti mingi ilipitisha kati ya lita 10 na 200 kwa siku.

Utafiti ulionishangaza zaidi ulifanyika karibu nasi, Machakos. D. M. Smith na wenzake, miongoni mwao Chin Ong, walidunga sindano hizo katika mizizi ya mgrivilea na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Mvua iliponyesha baada ya ukame, maji katika baadhi ya mizizi yaligeuka na kuelekea chini: yaliingia kwenye udongo wa juu uliolowa, yakapitia mizizini, yakatoka kwenye udongo mkavu wa vilindini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba mizizi ya mgrivilea na ya mkaratusi huweza pia kupandisha maji ya vilindini hadi tabaka kavu la juu. Hapo neno kunyonya linashindwa kabisa. Mzizi unafanana zaidi na njia, na maji huipita kuelekea upande wenye ukavu.

Hata hivyo, mama hakuuliza habari za sarufi. Je, miti hupunguza maji ya kijito? Katika miaka ya 1950 H. C. Pereira na wenzake walianza kulinganisha mabonde katika Afrika Mashariki. Huko Mbeya, bonde lenye msitu lilitumia maji mengi kuliko bonde la mashamba, na kijito cha mashamba kilikuwa na maji zaidi. Tuseme basi kwamba msitu hukausha mito? La. Udongo wa Mbeya ni wa majivu ya volkeno, nao hufyonza mvua upesi hata ukilimwa. Huko Kericho, chai iliyopandwa kwa uangalifu mahali pa msitu haikubadilisha sana matumizi ya maji ilipokomaa. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo hadi ikawa ngumu ni jambo jingine. Hapo mvua hutelemka juu juu na kuondoka siku iyo hiyo, na kijito hukosa akiba. Mtelemko wetu una maradhi yote mawili.

Mkaratusi uliopandwa ukingoni ndio wenye kesi nzito zaidi. Hukua haraka, huwa na majani mwaka mzima, na pale mizizi imo majini, kwa hiyo hauna sababu ya kufunga stomata. Ndiyo maana mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe. Ile iliyo juu kilimani ina hatia ndogo zaidi.

Nilimpigia mama simu nikamweleza hayo yote, pamoja na kamba ya kisimani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo anayenyonya ni jua." Nilikubali. Safu mbili za ukingoni zimekwisha kukatwa na kuuzwa, na karo ya muhula mmoja imelipwa; za juu kaka amekubali ziachwe kwanza. Juma lililopita mama aliniarifu kwamba visiki vimeanza kuchipua.